Nimeita vikao vitatu vya ushirikiano wa utafiti na hakuna kilichotoka, nifanyeje?

Swali la msomaji: "Shikamoo Prof. Mi ni mhadhiri wa biokemia kwenye chuo kikuu cha afya hapa Tanzania, nimerudi toka masomoni miaka 2 sasa. Kwetu kila mtu anafanya utafiti kivyake. Madaktari wa watoto wana wagonjwa, maikrobiolojia wana friza limejaa sampuli, sisi tuna mashine ya PCR, ile ya kupima vinasaba, inaweza kukaa wiki nzima haijawashwa, na watu wa takwimu wako jengo lingine kabisa, tunawakumbuka siku jarida limeturudishia pepa. Nimeita vikao vitatu vya kuhamasisha ushirikiano, watu wanakuja, wanatikisa vichwa, wanakunywa chai, wanaondoka, basi. Nifanye nini ili tushirikiane kweli?"

Marhaba mdogo wangu. Swali lako limenigusa kwa sababu nimeishi nalo karibu miaka 30, na ntakujibu kwa urefu, vumilia.

Kwanza hivo vikao achana navyo kwa sasa. Sio kwamba kikao ni kitu kibaya, ila umewaita watu waje washirikiane kabla hawajajua wanashirikiana kwenye nini. Daktari aliyeacha watoto 40 wodini ukimwita kwenye kikao cha kuhamasisha anachosikia yeye ni kwamba ameongezewa kazi. Lakini daktari huyohuyo ukimwambia dokta, hawa watoto wachanga wako wanaopata maambukizi ya damu na dawa za kuanzia hazishiki, tukipata damu yao siku ya kwanza, maikrobiolojia wakaotesha, mi nikaangalia jeni za usugu wa dawa kwa PCR, tunaweza kujua ni bakteria gani wa Klebsiella anazunguka wodini kwako na dawa gani usipoteze muda nayo, hapo atavuta kiti mwenyewe. Hujamhamasisha chochote, umemgusa panapomuuma. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta swali, swali ambalo yeye peke yake hawezi kulijibu na wewe peke yako huwezi, na wote wawili mkilikosa mnalala vibaya.

Ngoja nikupe mfano ambao kila mtu wa afya Afrika Mashariki anatakiwa aujue, utafiti ulioitwa FEAST. Kwa miaka mingi mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu baridi, mapigo yanakimbia, damu haizunguki vizuri, mwongozo wa kimataifa ulisema mpe maji ya mshipani mengi na ya haraka. Kila daktari aliamini hivo na sababu zake zilikuwa zinaeleweka. Kathryn Maitland pale Kilifi, Sarah Kiguli wa Makerere na wenzao wakasema hapana, hili halijawahi kupimwa kwa watoto wetu, kwenye hospitali zetu zisizo na ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Wakaunganisha hospitali 6, Kilifi kwa upande wa Kenya, Teule ya Muheza kwa upande wetu, na Uganda wakawepo Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, wataalamu wa takwimu wakatoka London. Watoto zaidi ya 3,100. Mwaka 2011 majibu yakatoka: waliopewa maji ya haraka, ndani ya saa 48 walikufa kama 10 na nusu kati ya kila 100, wasiopewa hayo maji ya haraka walikufa 7.3. Kitu tulichokuwa tunakitoa kwa nia njema kilikuwa kinaongeza vifo. (Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo kwenye utafiti ule, nalitaja hili kwa sababu watu wanaubeba ule utafiti kichwakichwa wanaupeleka kwa kila mtoto.)

Sasa hebu iangalie tofauti yenyewe. Ni watoto watatu na kidogo kwenye kila 100. Ukiwa na wodi moja, daktari mmoja, hata uwe makini vipi, watoto watatu kwenye mia huwaoni kwa macho, mwezi huu wanakufa 12 mwezi ujao 6, unasema ni msimu wa malaria, unasema walichelewa kuletwa. Ilibidi hospitali 6 za nchi 3 zifanye kitu kilekile kwa namna ileile, fomu ileile, saa zilezile za kumwangalia mtoto, ndo ukweli ukajitokeza. Hiyo ndo sababu ya kushirikiana ambayo ningekuwa wewe ningeiweka mezani. Tusishirikiane kwa vile wafadhili wanapenda kuona vyuo vingi kwenye maombi ya ruzuku, tushirikiane kwa vile kuna mambo yanaua watoto wetu na mtu mmoja hana macho ya kuyaona.

Haya, umepata swali, daktari kavuta kiti. Sasa kinakuja kitu ambacho ndo kinaua ushirikiano mwingi, na hakisemwi kwenye vikao. Watu wengi ukiwauliza kwanini kwenu hamshirikiani watakwambia wenzetu wachoyo. Mi siamini sana hilo. Nilichokiona ni uoga. Mtu anaogopa jina lake litapotea, anaogopa sampuli zake zitatumika bila yeye, anaogopa atafanya kazi ya miaka 2 halafu mwenzie apande cheo. Na huo uoga una msingi, nakwambia kwa sababu yalinikuta.

Nilipokuwa kijana kama wewe tulikusanya damu za akina mama wajawazito vijijini, zaidi ya mwaka mzima, tunatoka saa 10 alfajiri na pikipiki, barafu imefungwa kwenye khanga isiyeyuke. Sampuli zikapanda ndege kwenda kwenye maabara moja huko Ulaya, tukaambiwa majibu yatakuja. Majibu nikayakuta mwenyewe kwenye jarida, pepa nzuri tu, na jina langu halimo, la nesi aliyewabembeleza wale mama halimo, chini kabisa kuna mstari mmoja wa kuwashukuru wafanyakazi wa eneo husika. Taasisi siitaji, haina maana tena. Ila nataka ujue ilinifanya nini, kwa miaka karibu 5 sikumpa mtu sampuli yoyote, hata mwenzangu wa korido moja ambaye hakuwa na kosa lolote, nikawa mchoyo kweli. Hivo ukiona yule mzee wa maikrobiolojia amefunga friza kwa kufuli usimhukumu haraka, muulize taratibu kilichomkuta.

Na wewe kama mtu wa biokemia kuna hadithi ya kwenu kabisa. Insulini, dawa ya kisukari. Toronto, Kanada, majira ya joto 1921, Banting daktari wa upasuaji na Best kijana mwanafunzi wanahangaika na kongosho za mbwa, maabara ni ya Profesa Macleod. Wanapata kimiminika kinachoshusha sukari ila ni kichafu. Tarehe 11 Januari 1922 wanamchoma kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, Leonard Thompson, sukari inashuka kidogo na pale alipochomwa panatunga usaha. Aliyeokoa jahazi ni Collip, mwanabiokemia aliyekuja kwa muda toka Chuo Kikuu cha Alberta, akaisafisha ile dawa, na tarehe 23 Januari kijana akachomwa tena, safari hii ikafanya kazi. Sasa katikati ya hizo siku 12, badala ya watu kufurahi, Banting na Collip waligombana vibaya sana, kwa sababu Collip alikuwa hataki kueleza alivyoisafisha na wenzie wakahofia ataondoka akaisajili kama uvumbuzi wake peke yake. Kilichowatuliza ni karatasi. Tarehe 25 Januari wakasaini makubaliano kwamba hakuna atakayekwenda kusajili kivyake wakati wa kipindi cha kazi ya pamoja. Uhasama haukuisha lakini kazi ikaendelea. Nobeli ya 1923 ikapewa Banting na Macleod tu, Banting akagawana hela na Best, Macleod akagawana na Collip. Wanne wale walihitajiana kila mmoja, daktari, mwanafunzi, mwenye maabara na mtu wa biokemia, na bado nusura waharibu yote kwa sababu makubaliano yaliandikwa baada ya ugomvi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwako, kama kuna kitu kimoja tu utakibeba, ni huu: andikeni kabla ya damu ya kwanza kuingia kwenye kichupa. Karatasi moja, kurasa mbili zikizidi sana, kwa Kiswahili au Kiingereza mnachoelewana, haihitaji wakili. Muandike swali ni lipi na limeletwa na nani. Pepa ya kwanza mwandishi wa kwanza nani na wa mwisho nani, ya pili nani, na hapa mzunguke, daktari akianza ya kwanza wewe uanze ya pili. Sampuli zinakaa friza gani, nani ana ufunguo, na mtu akitaka kuzitumia kwa swali jipya anaomba kwa nani. Data inafunguliwa kwa wote baada ya muda gani. Kemikali zikiisha nani ananunua, maana huko ndo urafiki unapoishiaga. Mtu akihamishwa kikazi au akienda kusoma, nafasi yake kwenye pepa inabaki au haibaki. Na mkigombana nani atawasikiliza, mchague mtu mzima ambaye hana jina kwenye kazi ile. Mtaona aibu kuyasema haya mwanzoni, sisi kwetu kuzungumzia jina na hela mapema inaonekana kama humwamini mwenzio, lakini mbona kwenye ndoa mahari inasemwa kwanza na wazee wamekaa, na hakuna anayesema hawapendani.

Kwenye majina ya waandishi kuna utaratibu wa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ambao majarida mengi yanaufuata, masharti yako manne na yote yatimie: umechangia kwa uzito kwenye wazo au mpango wa kazi au kukusanya na kuchambua data, umeandika au umeirekebisha pepa kwa hoja, umeikubali ile ya mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Mkuu wa idara ambaye alitoa chumba tu haingii, ashukuriwe. Lakini liangalie na upande wa pili, hayo masharti yanaweza kutumika kumfungia nje teknolojia wa maabara au nesi, unasema hajaandika, sawa, je ulimpa nafasi aandike? Mkaribishe kwenye kusoma rasimu, mpe muda, mkalishe mweleze. Nesi aliyewaona wale watoto usiku anajua vitu ambavyo havimo kwenye fomu yako. Kuna pia mfumo wa kutaja nani kafanya nini, unaitwa CRediT, una majukumu 14, kuanzia wazo mpaka data mpaka kutafuta fedha, majarida mengi sasa yanauomba, utumieni toka mwanzo hata kwenye ile karatasi yenu maana unasaidia sana kwenye kupanda cheo.

Na hapo kwenye cheo niseme ukweli. Vyuo vyetu vingi vinahesabu pepa na vinaangalia jina lako liko wapi. Mtu wa takwimu aliyeokoa kazi 10 za wenzie akiwa jina la nne la tano anaweza kubaki palepale miaka, na hapo unamwambia ashirikiane, ashirikiane ili iweje? Hili huwezi kulimaliza peke yako, ila nenda kwa mkuu wa kitivo na watu wawili watatu mnaofanya kazi pamoja, mwombeni kamati ya upandishaji ipokee maelezo ya mchango wa mtu kwenye kila pepa. Msiende kulalamika, nendeni na mfano mkononi, pepa yenu wenyewe na maelezo yake. Nimeona kamati zikibadilika kwa njia hiyo, pole pole lakini zinabadilika.

Sasa turudi kwa daktari wako wa watoto. Unajua kitu gani kinamchosha zaidi na watafiti? Wanachukua damu ya mgonjwa wake, wanapotea, baada ya miaka 2 anaona pepa, na mgonjwa alishakufa au alishapona bila yeye kujua alikuwa na nini. Ukitaka awe wako, majibu yarudi wodini mtoto akiwa bado kitandani. Otesho la damu limetoa bakteria leo asubuhi, simu ipigwe leo asubuhi. Majibu ya PCR kama ni ya utafiti tu na hayajathibitishwa kwa matibabu mwambie hivohivo, asiyatumie kama hayatakiwi kutumika, lakini asikae gizani. Hilo moja lina nguvu kuliko posho ya kikao.

Vitu vingine vidogovidogo ambavyo vinafanya kazi. Fanyeni orodha ya yaliyomo kwenye mafriza, sampuli gani, za mwaka gani, ridhaa ya wagonjwa inaruhusu nini, maana kuna siku niligundua idara mbili za chuo kimoja zinachukua damu kwa akina mama walewale, kliniki ileile, wiki ileile, mama anachomwa mara mbili na hakuna idara inayojua ya mwenzie. Ile PCR yenu bandikeni ratiba mlangoni watu wa idara nyingine wajiandikishe. Mtu wa takwimu awepo siku ya kwanza mnapoandika protokali, yaani mpango wa utafiti, akusaidie kujua unahitaji watoto wangapi, maana akija mwishoni anachoweza kukwambia mara nyingi ni pole. Na hilo la jengo lingine usilidharau, kuna mtafiti wa chuo cha MIT Marekani, Thomas Allen, miaka ya 1970 alipima jinsi wahandisi na wanasayansi wanavyoongea kazini, akakuta mawasiliano yanashuka kwa kasi kadri meza zinavyoachana, ukifika kama mita 50 ni kama vile mko miji tofauti. Sisi tuna WhatsApp siku hizi lakini bado mwanadamu anamwamini anayekutana naye kwenye ngazi.

Ila gundi kubwa kuliko zote ni mwanafunzi. Chukua mwanafunzi mmoja wa masta, mpe wasimamizi wawili wa idara mbili, wewe na yule daktari. Huyo kijana atatembea kutoka wodini kwenda maabara kila siku, atabeba vichupa na atabeba na habari, atakwambia dokta hajapenda hiki, atamwambia dokta kemikali zimeisha, na nyie wasimamizi mtalazimika kukutana kwa sababu ya mtoto wenu. Ushirikiano mwingi mkubwa ninaoufahamu mimi ulianza na mwanafunzi aliyekuwa hana mahali pamoja pa kukaa.

Wabia wa nje watakuja tu mkianza kufanya vizuri, na ni vizuri waje, sipendi yaliyonikuta yakufanye uwakimbie. Ila kibali cha maadili cha taifa kupitia NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kiwepo, na sampuli ikitoka nje ya nchi iwe na mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema inaenda kufanyiwa nini na kisichotumika kinarudi au kinaharibiwa, na data vilevile. Mwanasheria wa chuo asome, usisaini usiku kwa sababu mfadhili anafunga dirisha kesho. Na uulize kila mara, je kipimo hiki hakiwezi kufanyika hapa? Kama kinahitaji mafunzo, basi fundi wenu aende akajifunze, hiyo iingie kwenye bajeti.

Nikupe na mfano mmoja wa ushirikiano wa watu waliopingana, kwa vile naona kwenu kuna watu wana majibu tofauti na hawasalimiani. Mwaka 1995 utafiti wa Mwanza, NIMR pamoja na shirika la afya la AMREF na chuo cha London cha magonjwa ya kitropiki, ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Dunia ikashangilia. Mwaka 1999 ukatoka utafiti wa Rakai, Uganda, Makerere na vyuo vya Marekani vya Johns Hopkins na Columbia, wao waliwatibu watu wote kwa mkupuo kila baada ya miezi kadhaa, na VVU haikupungua. Hapo watu walikuwa na kila sababu ya kutupiana maneno miaka 10. Walichofanya, timu za pande zote zikaweka data mezani wakazilinganisha pamoja, tabia za watu, viwango vya magonjwa, ugonjwa ulikuwa umefikia hatua gani kila sehemu. Wakaona Rakai VVU ilikuwa imeshaenea kwa muda mrefu zaidi na magonjwa ya zinaa yanayotibika yalikuwa machache, kwa hiyo dawa zilikuwa na kazi ndogo ya kufanya. Pepa mbili zinazogombana zikageuka kuwa jibu moja lenye akili zaidi kuliko kila moja peke yake. Mkae na hao wasiosalimiana, mwombe kila mmoja alete jedwali lake, mengine yatajileta.

Kuna watu pia usishirikiane nao, nalisema kwa uchungu. Anayekataa kuandika chochote na anasema tuaminiane tu, anayeomba data nzima kabla hajasema swali lake, anayemfokea mwanafunzi mbele za watu. Muda wako ni mfupi, waache kwa heshima.

Sasa wiki hii fanya hivi. Usimwite daktari ofisini kwako. Nenda wodini asubuhi, fuata raundi kimyakimya ukiwa nyuma kabisa, sikiliza anachokilalamikia, na akimaliza kunawa mikono muulize ni mtoto yupi wiki hii amemsumbua kichwa. Akikutajia, mwambie sampuli ya huyo ipo maikrobiolojia, nipe siku 2. Halafu nenda kwa yule mzee mwenye kufuli, ukiwa na ile karatasi mkononi na nafasi ya jina lake imeachwa juu ya jina lako. Nitumie rasimu yake, ntaisoma.